Marika ya Camp Ramah, Wisconsin: tathmini ya mwalimu wa lugha

Kambi ya Camp Ramah iliyoko Conover, jimbo la Wisconsin, Marekani, ilianza mwaka 1947 kwa nia ya kuwapa watoto wa Kiyahudi majira ya joto ya kuishi ndani ya Kiebrania badala ya kukisoma darasani tu. Mimi huwafundisha Kiswahili watoto wa jamaa zetu waliozaliwa Marekani, kwa hiyo nililolitazama kwa makini zaidi ni namna watoto wanavyogawanywa huko.

Mgawanyo hufuata darasa la shule, wala si kiwango cha lugha. Kila rika huitwa edah, neno ambalo msomaji asilichanganye na eda ya mjane, na kila moja lina jina lake: Kochavim, yaani nyota, ni wadogo, juu yao wapo Halutzim, watangulizi, na Solelim, watengeneza njia, wakubwa kabisa ni Nivonim, wenye busara, wanaojiandaa kuingia darasa la 11. Jina ambalo mtoto huitwa nalo kutwa nzima hahitaji kulikariri.

Naona uamuzi huo ni sahihi. Mtoto wa miaka 13 akiwekwa na wa miaka 9 kwa sababu tu msamiati wao unalingana, ataona haya na kunyamaza, na aliyenyamaza hajifunzi kusema. Akiwa na hirimu zake atajikaza asipitwe na utani wao. Jambo hili huonekana vizuri zaidi katika tamthilia za Broadway, yaani michezo ya nyimbo ya majukwaa ya New York, zilizotafsiriwa kwa Kiebrania, ambazo marika huziandaa yenyewe: anayeanza lugha huimba beti zilezile anazoimba mwenzake aliyeizoea tangu shule ya chekechea.

Ugumu upo kwa anayejiunga akiwa na miaka 14, kwani huwakuta wenzake wamepanda pamoja miaka mingi na wana nyimbo zao. Huyo anahitaji somo la Kiebrania la kiwango chake, pamoja na mlezi atakayemshika mkono wiki ya kwanza. Mzazi mwenye nafasi ya kuchagua ningemshauri ampeleke mwanawe mapema.

Kilichonigusa zaidi ni Tikvah, yaani tumaini, programu ya vijana wenye ulemavu ambayo kambi za Ramah ziliianzisha mwaka 1970. Hao hupangwa kwa kuzingatia mahitaji yao, kisha hushiriki shughuli pamoja na marika mengine, wakiimba na kula nao.