TAHADHARI: Laina ya pikapu "tunakufungia bure" na zile skrubu za bati

Wenye Hilux, D-Max, Ranger, Navara na L200, hili linawahusu. Kuna wauzaji wanaozunguka kwenye gereji, maegesho na magrupu ya WhatsApp wakiuza laina za bodi, ile plastiki nyeusi ya kulaza nyuma ya pikapu. Bei iko chini kuliko dukani, na juu yake wanakuahidi kukufungia bure kwa dakika ishirini. Ogopa hiyo bure kuliko plastiki yenyewe. Plastiki mbovu utaitupa na hasara itaishia hapo. Ufungaji wao unatoboa gari.

Wanachofanya ni hiki. Laina inatupwa juu ya bodi ambayo haijaoshwa, fundi anapanda na drili, anashindilia skrubu za bati, zile za kuezekea zenye mpira mweusi chini ya kichwa, kumi au kumi na mbili, moja kwa moja sakafuni. Skrubu hizo huwa na urefu wa milimita 50 hadi 75. Plastiki ina milimita 3 au 4, na bati la sakafu halifiki milimita 2. Kinachobaki ni ncha ya sentimita 4 na zaidi iliyotokeza chini, mahali ambapo mwenye gari hapaoni. Ingia uvunguni uangalie kuna nini pale: tangi la mafuta ubavuni mwa chesisi, paipu za breki, fungu la waya za taa za nyuma, na tairi la akiba lililovutwa juu kabisa. Fundi aliye juu ya bodi hajui ncha yake imeishia wapi. Tairi la akiba likichomwa, utajua siku umepata pancha porini.

Hata skrubu ikikosa vyote hivyo, kutu haikosi. Drili inamwaga unga wa chuma, nao unabaki kati ya plastiki na rangi, ukilowa unaanza kula siku chache tu. Mdomo wa tundu hauna rangi wala praima. Ule mpira wa skrubu hauzuii maji, kwa sababu laina haitulii. Plastiki ya aina hii, HDPE, inatanuka na kusinyaa kwa joto kuliko chuma mara nyingi sana: chukua kama milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Laina ya singo kebini yenye urefu wa mita 2.3, alfajiri iko nyuzi 22, saa nane mchana juani inafika 60. Hapo imeongezeka zaidi ya sentimita moja. Ukiwa umeibana kwa skrubu ncha zote mbili, haina pa kwenda: inafura katikati, inapasuka kwenye skrubu, au inapanua tundu la bati kidogo kidogo kila siku. Ndiyo maana utaona laina za namna hii zimepinda mgongo na zinapiga kelele barabara ya vumbi.

Anayebeba samaki kutoka Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, chumvi au mbolea asikubali skrubu hizo hata kidogo. Maji ya chumvi yakishapenya chini ya laina yenye matundu, hayakauki, na sakafu inaoza huku juu panang'aa.

Laina iliyotengenezwa kwa gari lako sakafu yake haitobolewi. Zipo aina mbili. Ile inayopanda juu na kufunika ukingo wa bodi hushikwa na kulabu za kufungia kamba: unafungua kulabu, unaweka laina, unarudisha kulabu juu yake kwa bolti ndefu zaidi kidogo, sawa na unene wa plastiki, ili nyuzi zishike kama mwanzo. Ile inayoishia chini ya ukingo hushikwa na klipu zinazobana mdomo wa plastiki kwenye pindo la bati. Baadhi ya hizi huhitaji tundu dogo, lakini ni ubavuni juu, unapoweza kuona nyuma yake. Muuzaji akikuambia klipu hazipo, "skrubu ni imara zaidi", basi laina hiyo haikutengenezwa kwa gari lako au imeokotwa kwenye gari lingine.

Kazi ikifanywa inavyotakiwa haiishi kwa dakika ishirini. Bodi inaoshwa, inakaushwa kabisa, kila mkwaruzo unapigwa praima na rangi, kisha nta. Matundu ya kutolea maji kwenye pembe za sakafu yanazibuliwa, na laina haitakiwi kuyafunika. Pale plastiki inapogusa bati kwa nguvu, yaani juu ya matuta ya matairi na ukingo wa mbele, unabandika utepe wa sponji au kapeti jembamba, maana mchanga ukiingia hapo laina inageuka msasa na kula rangi mpaka bati. Penye bolti ya milimita 8, tundu la plastiki liwe 11 au 12, na washa pana ya milimita 25 au 30 juu yake, ibane bila kukandamiza, ili plastiki iteleze chini ya washa. Iachie laina nafasi kama milimita 5 kila upande. Baada ya wiki moja ya kubeba mzigo, kaza tena. Kila miezi sita itoe, osha chini yake.

Sasa plastiki yenyewe. Wengi wanauza laina kuukuu iliyopakwa oili ili ing'ae. Chukua kitambaa cheupe chenye sabuni, futa: kikitoka cheusi na mafuta, umepata jibu. Angalia pia matundu ya zamani yaliyozibwa. Kunja pembe kwa mkono. Iliyoungua na jua inatoa mistari myeupe na vipasuko vidogo kama udongo mkavu. Kisha kwangua kipande kidogo kama ukucha, kitumbukize kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni. HDPE safi inaelea. Ikizama, ama ni plastiki nyingine, ama imejazwa unga wa chokaa kupunguza gharama, na hiyo huvunjika pembeni ukidondosha tofali. Pima unene pembeni mwa sakafu, usipime kwenye mdomo tu, kwa sababu plastiki huvutwa ikiwa ya moto na pembe ndizo hubaki nyembamba.

Usikubali neno "inakaa gari zote". Laina ya Hilux Vigo haikai kwenye Revo, na ya dabo kebini haikatwi ikawa ya singo kebini. Mwambie aweke futi kwenye laina ukiwa kwenye simu ya video, urefu, upana, na umbali kati ya matuta ya matairi. Jina la gari liwe limechorwa ndani ya plastiki. Stika haithibitishi kitu.

Malipo: anayedai nusu kwa sababu "mzigo uko bandarini" hatumiwi hela. Lipa laina ikiwa imeshakaa kwenye bodi, na udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Namba ya tapeli, kwa walio Tanzania, itume kwenda 15040.

Jambo moja wauzaji hawalisemi kabisa. Laina ya plastiki inazuia umeme tuli usikimbilie chini. Ukijaza dumu la petroli likiwa juu yake, cheche inaweza kuruka kati ya dumu na bomba la pampu na kuwasha mvuke. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ilitoa onyo juu ya hili mwaka 1998 baada ya moto kutokea. Shusha dumu, liweke chini kwenye sakafu ya kituo, bomba ligusane na mdomo wa dumu muda wote, ndipo ujaze.

Kama umeshafungiwa kwa skrubu za bati, usizing'oe zote kwa pupa. Kwanza ingia uvunguni na tochi, hesabu ncha, ulinganishe na idadi ya vichwa juu. Ncha isiyoonekana imo ndani ya kitu. Hiyo usiiguse mpaka ujue ni nini, na kama iko upande wa tangi usitumie drili wala kiberiti, fungua kwa spana ya mkono. Zikitoka, fagia unga wote wa chuma, sugua mdomo wa kila tundu mpaka chuma cheupe, piga praima ya zinki pande zote mbili, kisha rangi, kisha kizibo cha mpira. Silikoni inayonuka siki usiitumie hapo, asidi yake inaendeleza kutu ileile unayoizuia.