Ubuyu wa unga, ubuyu wa rangi na mafuta ya ubuyu: kipi kinastahili pesa yako

Bidhaa tatu zinauzwa kwa jina moja la ubuyu, na siku hizi mara nyingi kwenye rafu moja: unga wa pakiti, ubuyu wa rangi wa kutafuna (Mombasa wanauita mabuyu), na kichupa cha mafuta. Lebo zake huazimana sifa. Unga unasifiwa kwa kung'arisha uso, mafuta yanasifiwa kwa vitamini C. Hapo ndipo mnunuzi anapopigwa. Vitamini C huyeyuka kwenye maji, haikai kwenye mafuta. Iko katika ile nyama kavu inayozunguka kokwa, ilhali mafuta hukamuliwa kutoka ndani ya kokwa yenyewe. Kichupa cha mafuta matupu kilichoandikwa "vitamini C kwa wingi" kinaonyesha kwamba aliyechapa lebo hajui anachouza, au anajua vizuri sana.

Unga ndio tunaoupa alama za juu. Ulio mzuri una rangi ya maziwa yaliyochemka, wala si weupe wa unga wa ngano. Ukiuweka ulimini unasikia uchachu papo hapo, kisha unafyonza mate na kugandia kwenye kaakaa. Ukiukuta umekuwa wa kahawia na umeshikana madonge, umeingia unyevu au umekaa mno. Kwa joto la Pwani pakiti ikiachwa wazi inaanza kushikana mapema, kwa hiyo uhamishie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, na uchote kwa kijiko kikavu. Vile vifuko vya nailoni vilivyofungwa kwa moto wa mshumaa, visivyo na tarehe, waachie wenyewe.

Kuhusu virutubisho, vipimo hutofautiana sana kati ya mti na mti, lakini miligramu 200 hadi 300 za vitamini C kwa gramu 100 za unga ni kiwango kinachopatikana mara kwa mara. Kijiko cha chakula kina kama gramu 10, yaani miligramu 20 hadi 30. Mtu mzima anahitaji miligramu 75 hadi 90 kwa siku. Kwa hiyo kijiko kimoja ni msaada tu, na pera moja bichi kwa kawaida linakipita kwa mbali. Pale ambapo ubuyu unalishinda pera ni kwenye kalisi, na kwenye nyuzinyuzi, ambazo zinakaribia nusu ya uzito wa unga. Ndiyo sababu anayeanza na vijiko vinne kwa siku huishia kujaa gesi. Anza na kimoja kwa wiki nzima. Mwenye ugonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu amuulize daktari kwanza, maana ubuyu unayo nyingi.

Kosa kubwa jikoni ni kuuchemsha. Moto unaua vitamini C, na juisi ya ubuyu iliyotokota dakika ishirini imebaki na uchachu na rangi. Kwa glasi ya mililita 300, weka vijiko viwili vya unga, tia maji kidogo uukoroge hadi uwe rojo laini, ndipo uongeze maji mengine. Ukimimina maji yote kwa mpigo unapata madonge yasiyovunjika. Ukitumia ubuyu wenye kokwa, loweka vikombe viwili kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa saa moja, vuruga kwa mwiko, chuja. Juisi hii inywewe pamoja na maharage au mchicha, kwa kuwa vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya mboga. Chai ya rangi hufanya kinyume chake.

Kuhusu ushauri wa kupaka unga huo usoni pamoja na limau ili kuondoa madoa: hapana. Vyote viwili ni vikali, na chembe za unga zinakwaruza. Ngozi nyeusi ikishawashwa hivyo huacha madoa, yaani kile kile ulichotaka kukiondoa.

Ubuyu wa rangi ni peremende, na peremende tamu sana, kwa hiyo hatuupimi kwa mizani ya afya. Shira ya sukari yenye iliki na pilipili humiminwa ya moto juu ya kokwa, na sukari haipungui eti kwa sababu ndani kuna tunda. Angalia rangi tu. Karmosini (E122) na Allura Red (E129) ni kati ya rangi sita ambazo Umoja wa Ulaya, tangu 2010, unataka ziambatane na onyo kwamba zinaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto. Pakiti isiyotaja rangi iliyotumika, huku inaacha vidole vyekundu hadi kesho yake, haifai kununuliwa.

Mafuta yanafaa, ila kwa kazi yake. Kwenye lebo tafuta Adansonia Digitata Seed Oil, likiwa peke yake au la kwanza. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo likija nyuma ya Paraffinum Liquidum na Parfum umenunua mafuta ya madini yaliyonusishwa ubuyu. Yaliyokamuliwa bila moto ni ya manjano ya dhahabu na yananukia kokwa kwa mbali. Yakinuka kama karanga zilizochacha, yameharibika. Chupa iwe ya kioo cheusi.

Jaribu kwanza kwenye mkono, upande wa ndani, mara mbili kwa siku kwa wiki moja. Usipowashwa, paka matone matatu au manne ukiwa na majimaji ya kuoga bado mwilini. Kwenye ngozi kavu kabisa yanateleza juu tu. Yanalainisha magoti, visigino na viwiko vizuri. Hayafuti michirizi, wala hayakingi jua. Na usiyanywe kwa kijiko kama wanavyoshauri baadhi ya wauzaji: mafuta ghafi ya kokwa hizi yana asidi za kundi la saiklopropeni, ambazo si za kuliwa ovyo.