RAM ya kuinunulia kompyuta yako ya mezani ya zamani: ipi ianze, ipi uiache dukani

Kompyuta nyingi za mezani ninazoletewa hapa Ngamiani, Tanga, zinafanana: OptiPlex ya Dell au Compaq ya HP iliyokwisha kutumika ofisini, prosesa ya i5 ya kizazi cha pili au cha tatu, RAM GB 4. Mwenyewe akifungua kurasa tano za intaneti na Word pembeni, taa ya hadi diski inawaka haizimi. RAM imejaa, mzigo unahamia kwenye diski, na diski ni ya polepole. Hapo anashauriwa atafute kompyuta nyingine, na mimi humwambia asubiri kwanza, aongeze RAM.

Ukienda dukani, nenda na RAM yako ya zamani mkononi. RAM zina vizazi: DDR2 na DDR3 zote zina pini 240, ila mkato wa katikati hauko mahali pamoja, kwa hiyo ikikataa kuingia usiilazimishe. DDR4 ina pini 288. Mashine nilizozitaja zinatumia DDR3.

Namba moja kwangu ni jozi: GB 4 mbili zinazofanana, DDR3 ya kasi ya 1600, hata kama zimetumika, maadamu chipu ni za Samsung, Hynix au Micron. Zikiwa mbili, prosesa inazisoma kwa njia mbili kwa pamoja, na kwa kuwa kompyuta hizi hazina kadi ya picha, video nayo inakopa RAM hiyo hiyo. Utaiona tofauti. Prosesa ya kizazi cha pili itaziendesha kwa 1333, na hakuna kinachoharibika.

Namba mbili ni kuongeza GB 4 moja kando ya ile uliyonayo. Ni nafuu zaidi, na zikifanana kasi unakaribia kupata yale yale. Zisipofanana, zote zitafuata iliyo taratibu.

Namba tatu ni GB 8 moja mpya, kwa mwenye nia ya kuongeza ya pili baadaye. Inamfaa hasa mwenye mazabodi ya H61, ambayo kikomo chake ni GB 16, yaani 8 mbili.

Namba nne ni zile zenye bati la kupoozea, zilizoandikwa 2133 au 2400. Vijana wanazipenda, na nawaelewa, lakini BIOS (programu ya mipangilio ya mashine) ya kompyuta ya ofisi haina pa kupandisha kasi, kwa hiyo RAM ya 2400 itakwenda kwa 1600 au 1333 kama nyingine. Kupandisha kunataka mazabodi kama ya Z77, na ukitaka kuisukuma prosesa yenyewe lazima iwe ya herufi K, mfano i5-3570K. RAM nyingi za aina hiyo zinaomba volti 1.65 badala ya 1.5, na joto linaongezeka. Chumba chako kikiwa chini ya bati, mwezi wa pili, saa nane mchana, fikiria mara mbili. Mwenye mashine inayoruhusu apande ngazi moja moja, na kila ngazi aache MemTest86, programu ya kupima RAM, ikague usiku kucha. Likitokea kosa hata moja, arudi chini. Kwa kuandika barua na kufungua intaneti, faida yake hutaiona.

Sasa za kuacha kabisa, na hapa naomba usome taratibu. Kwenye karatasi ya RAM tafuta maneno kama PC3-12800U. U ndiyo ya kompyuta ya mezani. Ikiishia na R, hiyo ni ya seva. Inaingia kwenye sloti vizuri kabisa, lakini kompyuta inalia tu, haiwaki. Mimi niliuziwa moja hivyo, na muuzaji akakataa kuipokea. Tazama pia iwe imeandikwa 1Rx8 au 2Rx8, hizo ndizo za kuchukua. Ukikuta x4 kwenye RAM ya bei ya kutupa, ni ile inayokubali kwenye baadhi ya mashine za AMD tu. Kwa i5 yako ni hela imepotea.

Kabla ya kufunga, chomoa waya wa umeme na ushike kasha la chuma la kompyuta kidogo, umeme tuli wa mwilini ukutoke. Kwa sisi wa pwani, angalia meno ya RAM: kompyuta iliyokaa Raskazone karibu na bahari huwa nayo meusi. Yasugue polepole kwa raba ya kufutia penseli mpaka yang'ae, pangusa vumbi la raba, kisha ibane mpaka vishikizo vya pembeni vijifunge vyenyewe. Jozi iwekwe kwenye sloti za rangi moja. Washa, ingia BIOS kwa F2 kwenye Dell au F10 kwenye HP, uhakikishe inasoma GB 8. Ikisoma 8 huku Windows ikikuonyesha tatu na kitu, Windows yako ni ya biti 32. Weka ya biti 64 kabla hujamlaumu aliyekuuzia RAM.