Hifadhi ya mtandaoni kwa timu ya watu wanne: tulivyohangaika hadi tukatulia

Sisi ni watu wanne na hatuna ofisi. Mimi niko Morogoro, dada anayetafsiri yuko Mombasa, Maalim anayetusomea kwa sauti yuko Unguja, na kijana wa michoro yuko Dodoma. Tunatengeneza vitabu vya kusikiliza na vijitabu vya watoto. Mwanzoni kazi zote zilipita WhatsApp, na mpaka leo simu yangu ina faili linaloitwa sura_ya_3_HILI_NDILO_wallahi. Chini yake kuna jingine lililokuja siku tatu baadaye, jina lilelile, limeongezewa herufi B.

Tulipoamua kuhamia hifadhi ya mtandaoni, tulichagua kwa kuhesabu GB za bure, kama mtu anayenunua ndoo kwa kuangalia ukubwa tu. Huduma yenyewe nalisitiri jina lake, maana kosa lilikuwa letu. Kijana wa michoro tuliyekuwa naye wakati huo ndiye aliyefungua folda kwa akaunti yake binafsi, kisha akatukaribisha wengine. Mambo yakaenda vizuri kwa miezi saba. Akapata ajira kwingine, tukaagana kwa heri, na baadaye akasafisha akaunti yake apate nafasi ya picha za harusi. Kwake ile ilikuwa folda ya kazi iliyokwisha. Tulipokuja kushtuka, hata kapu la taka lilishajimwaga.

Sura kumi na moja za Maalim zilikuwa humo. Nikampigia. Shikamoo, marahaba, nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani hiyo folda ilikuwa ya nani?"

Swali hilo ndilo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria. Kwenye Google Drive ya kawaida, kwa mfano, faili ni la akaunti iliyolitengeneza, na linakula nafasi ya mwenye akaunti hiyo hata kama watu kumi wanalitumia. Kuwa ndani ya folda ya pamoja hakulifanyi kuwa mali ya timu. Kwenye Dropbox za watu binafsi, folda ya pamoja huhesabiwa kwenye nafasi ya kila aliyejiunga nayo, kwa hiyo mwenye GB 2 za bure akikaribishwa kwenye folda ya GB 3, haingii. Hizi habari zimeandikwa kwenye kurasa zao za msaada. Sisi tulikuwa tunasoma ukurasa wa bei tu.

La pili lililotusumbua ni bando. Saa moja ya sauti ghafi tunayorekodi, WAV ya biti 24, kHz 48, chaneli moja, ni kama MB 518. Kwa kasi ya kupakia ya megabiti 2 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya nusu saa, umeme usipokatika. Dropbox nilipoijaribu ilinifurahisha hapa: hugawa faili vipande vya MB 4 na kupakia vile vilivyobadilika tu. Lakini ukikata sekunde mbili mwanzoni mwa WAV, kila kitu kinachofuata kinasogea, na faili karibu lote linapanda upya. Kilichotuokoa zaidi si huduma yoyote bali kubadili mazoea: Maalim sasa hutuma FLAC, ambayo hupunguza ukubwa sana bila kupoteza kitu, na hurekodi sura vipande vifupi vifupi.

Tulipita pia kwenye Syncthing, programu ya kulinganisha faili kati ya kompyuta, ambayo ni ya bure na haina seva ya kati. Kompyuta zenu huzungumza zenyewe kwa zenyewe. Nzuri mno, ila lazima mbili ziwe zimewaka kwa wakati mmoja. Maalim hurekodi baada ya alfajiri, kabla pikipiki hazijaanza, mimi huwasha mashine saa nne. Tukawa tunapishana kama jua na mwezi. Nextcloud, programu ya kujiwekea hifadhi yako mwenyewe, niliiendesha kwenye seva ya kukodi kwa miezi miwili. Inafanya kazi, lakini nilijikuta naweka masasisho saa sita usiku badala ya kuhariri vitabu, nikaacha.

Mwanzoni mwa 2024 tukatulia kwenye Google Workspace, huduma ya kulipia ya Google kwa ajili ya timu, kile kifurushi cha Business Standard. Sababu ni moja: kifurushi hicho kina hifadhi za pamoja, ambazo mwenye faili ni timu yenyewe. Mtu akiondoka, unamtoa, alichoweka kinabaki. Nafasi ni TB 2 kwa kila anayelipiwa. Na hapa kuna jambo la manufaa kwa wenye mfuko mwembamba: tunalipia watu wawili tu, mimi na dada. Maalim na kijana wa Dodoma tumewaingiza kwa Gmail zao za kawaida kama wageni. Dada ndiye anayelipa, kwa M-Pesa GlobalPay, ile kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-Pesa ya Kenya, nami namrudishia kila robo mwaka. Ni dola kumi na kadhaa kwa kichwa kwa mwezi, na shilingi ikiteleza tunaisikia.

Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikawa ya kuvuta kwa kamba. Kompyuta yangu nilikuwa nimeiweka faili zibaki mtandaoni na zishuke ninapozifungua, ili kuokoa diski. Jumatatu asubuhi nilikuwa naona majina ya faili zote, na hakuna hata moja lililofunguka. Dada alikuwa ameziwekea faili zake alama ya kupatikana bila mtandao, akaendelea kutafsiri kana kwamba hakuna kilichotokea. Tangu siku hiyo kitabu kinachoendelea hukaa kwenye diski yangu, vilivyokwisha ndivyo hubaki mtandaoni tu.

Lisilonipendeza ni kwamba taka hujifuta baada ya siku 30, na matoleo ya zamani ya WAV hayakai milele. Ni siku 30 au matoleo 100. Kwa hiyo kila Ijumaa nanakili kila kitu kwenye diski ya nje iliyo kabatini, chini ya mashuka.

Maalim bado hunipigia kila akimaliza kupakia, kunisomea jina la faili herufi kwa herufi. Juzi lilikuwa sura_07_2. Nikamwuliza hiyo mbili ni ya nini.

"Ya pili ndiyo nzuri," akasema, "lakini ile ya kwanza usiifute."