Uzoefu wangu na Civilization VI: zilikuwa zimebaki zamu sita

Nilikusudia kuandika sifa. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikizipanga sentensi kichwani, ndani ya daladala kati ya Mtumba na mjini, za kumweleza mtu asiyeijua Civilization VI, mchezo wa kompyuta wa kujenga na kuongoza taifa, kwa nini mtumishi wa umma mwenye mvi na watoto wa sekondari anaweza kukaa mbele ya skrini mpaka saa tatu usiku akiwasukuma walowezi na meli. Sentensi zile zimeniponyoka zote. Jioni moja, katika kile kipindi cha upepo ambapo Dodoma nzima inakula vumbi, niliingia katika banda la gemu ninalolipia shilingi 1,000 kwa saa, nikaketi kwenye kompyuta yangu ya kona, nikafungua orodha ya michezo niliyoihifadhi, nikakuta orodha haina kitu.

Haikuwepo hata ile akiba ambayo mchezo hujiwekea wenyewe mara kwa mara ili umeme ukikatika usipoteze kazi yako. Nilifunga nikafungua tena, nikazima mashine nikaiwasha, nikabadilisha kiti kana kwamba kosa lilikuwa la kiti. Ndipo nilipomwita kijana anayesimamia banda, naye akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake: "Nilisafisha mashine, mzee. Ilikuwa imejaa, na wateja wanataka mpira."

Nikamweleza, kwa upole ambao mpaka leo naujutia, kwamba faili la mchezo wangu halizidi ukubwa wa picha chache za simu, na kwamba kulifuta ili kutafuta nafasi ya gemu la mpira ni sawa na kuchoma daftari la mtu ili upate pa kuweka kabati. Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno ambayo ndiyo sababu ya andiko hili: "Si uanze upya tu, mzee? Ni kubonyeza." Wenzake waliokuwa wakisubiri zamu ya mpira wakacheka, na mmoja akaongeza kwamba mzee huyu tangu zabibu zimalizike anacheza mechi moja.

Ni kweli kwamba nilikuwa nikicheza mechi moja. Huo ndio mchezo wenyewe. Civilization VI huanza mwaka 4000 kabla ya Kristo, ukiwa na mlowezi mmoja na shujaa mwenye rungu, na kwa mwendo wa kawaida huenda mpaka zamu 500. Kila zamu unaamua nini kijengwe, nani atafiti nini, nani atumwe wapi, kisha unabonyeza na wapinzani wako, wanaoendeshwa na kompyuta, wanafanya yao. Hakuna anayekukimbiza. Unaweza kukaa robo saa ukitazama kipande kimoja cha ardhi chenye pembe sita, ukijiuliza kama hapo pajengwe eneo la elimu au pabaki shamba, maana ukishajenga huwezi kubomoa ukahamishia kwingine. Ramani nayo huzalishwa upya kila unapoanza, kwa hiyo aliyeniambia nianze upya alikuwa akiniambia niisahau dunia moja na nikubali nyingine ambayo haina mito yangu, haina milima yangu, wala haina jirani yangu niliyekuwa nimekwisha kumzoea. Namba ya ramani, ambayo ingenirudishia walau ardhi ileile, sikuiandika popote. Hilo ni kosa langu, nalikiri, ila halimpunguzii kijana yule hata punje.

Nilikuwa nikiwaongoza Wafoinike, mabaharia wa kale, chini ya Malkia Dido, ambao waliingia mchezoni mwaka 2019 pamoja na nyongeza iitwayo Gathering Storm. Miji ya pwani ambayo Wafoinike wanaianzisha katika bara lenye makao yao makuu haiyumbi kwa uaminifu hata kidogo; lakini ukivuka bahari ukaanzisha miji ng'ambo, miji hiyo inakuwa kama yatima, na jirani mwenye watu wengi huivuta taratibu, zamu kwa zamu, mpaka siku moja inakukana bila hata mkuki mmoja kurushwa. Jirani yangu wa ng'ambo alikuwa Mvemba a Nzinga wa Kongo, ambaye miji yake ilikuwa imejaa watu kama stendi siku ya sikukuu, na miji yangu minne ya kule ilikuwa ikipoteza uaminifu kila nilipobonyeza. Nilijaribu kuipelekea magavana, nikajaribu na askari, lakini nilikuwa nikinunua siku tu. Dawa ilikuwa moja, nayo anayo Dido peke yake: unajenga bandari yake maalumu, Cothon, katika mji unaoutaka, kisha mji huo unatekeleza mradi wa kuhamisha makao makuu. Mradi ukikamilika, pwani yote ya bara lile inatulia.

Naomba msomaji wa Dodoma aisome tena sentensi hiyo. Kuhamisha makao makuu. Mimi nimehamishwa na makao makuu. Uamuzi wa kuyaleta hapa ulifanywa mwaka 1973, nikasikia habari zake utoto wangu wote kama watu wanavyosikia habari za mvua ambayo hainyeshi, kisha mwaka 2016 Rais Magufuli akasema serikali inahama na ikahama kweli, nasi tukafunga virago Dar es Salaam tukapakia makochi juu ya lori. Mwaka huohuo wa 2016, mwezi wa Oktoba, ndipo mchezo huu ulipotoka, jambo ambalo halina maana yoyote ila mimi nimelishikilia. Katika mchezo unaruhusiwa kuipa miji majina unayotaka, na mimi mji wangu wa kale nilikuwa nimeuita Magogoni, kama Ikulu ya Dar es Salaam, na mji mpya nikauita Chamwino, kama Ikulu ya Dodoma. Mke wangu alipoambiwa alicheka sana. Wafoinike, kwa bahati mbaya, wasingeweza kuichagua Dodoma halisi, kwa kuwa Cothon hukaa majini, pwani au ziwani, labda ajitokeze mtu wa kulitetea bwawa la Hombolo.

Chamwino yangu ilikuwa imebakiza zamu sita mradi ukamilike. Usiku wa mwisho kabla ya mechi kufutwa niliifunga nikiwa na furaha ya mtu aliyekwisha kukata tiketi, nikaacha kwa sababu saa yangu iliisha na kijana yule alikwisha kusimama nyuma ya kiti akinihesabia dakika.

Nisingekuwa na uchungu huu kama ufalme wenyewe ungekuwa wa ovyo. Katika mchezo huu imo miji huru, isiyo ya mchezaji yeyote, ambayo unaibembeleza kwa kuipelekea wajumbe, na anayepeleka wajumbe wasiopungua watatu na kuwazidi wengine wote ndiye anayekuwa mlezi wake. Mmojawapo ni Zanzibar. Mlezi wa Zanzibar hupata karafuu na mdalasini, bidhaa mbili ambazo haziwezi kupatikana kwa njia nyingine yoyote katika dunia ile, na kila moja inatuliza nyoyo za raia wako kuliko almasi au hariri. Nilimpokonya Harald wa Norway ulezi huo baada ya mashindano marefu ya kutumiana wajumbe, bila kugombana naye, kwa kuwa Harald humheshimu mwenye meli nyingi na Dido hana umaskini wa meli. Nilikuwa pia nimejenga Kilwa Kisiwani, ambayo mchezo umeiweka miongoni mwa maajabu ya dunia, na ambayo ikikamilika hukupa wajumbe watatu papo hapo. Siwezi kueleza vizuri hisia ya Mtanzania anapoona, katika mchezo uliotengenezwa Marekani, kuta za Kilwa zikipanda jiwe kwa jiwe kwenye ufuo wake mwenyewe. Wanaoukumbuka mchezo wa nne katika mfululizo huu, wa mwaka 2005, watakumbuka kwamba ulifunguliwa kwa Sala ya Bwana ikiimbwa kwa Kiswahili, wimbo ambao baadaye ulipata tuzo ya Grammy, wa kwanza kutoka katika mchezo wa kompyuta. Watu hawa walitukumbuka kabla sisi wenyewe hatujawajua.

Hayo yote yalifutwa ili vijana wapige penalti.

Sasa nitasema jambo ambalo nikiwa nimetulia nisingelisema. Baada ya siku ile niliuchukia na mchezo wenyewe. Nilianza kuona kasoro ambazo kwa wiki zote zile nilizipa majina mazuri. Kule kusubiri wapinzani wamalize zamu zao, ambako nilikuita nafasi ya kufikiri, ni kusubiri tu, na kwenye mashine ya banda, ikifika nusu ya mchezo, unaweza kwenda kununua karanga na kurudi. Viongozi wa mataifa mengine hukupongeza kwa jeshi lako leo na kukulaani kesho kwa jambo lilelile. Mvemba a Nzinga hawezi kuanzisha dini yake mwenyewe, kwa hiyo hukununia ikiwa unayo yako na hujampelekea, na ukimpelekea anakushukuru huku miji yake ikiendelea kukunyang'anya yako. Mchezo wa zamu 500 ambao mtu mzima mwenye kazi na misiba ya ukoo hawezi kuumaliza chini ya mwezi mmoja, je, umetengenezwa kwa ajili ya nani? Niliandika nyota moja kati ya tano kwenye karatasi, nikaipigia mstari.

Kisha nikamwendea mama mwenye banda, kwa kuwa niliona si haki kushitaki kwa karatasi pekee. Mama yule ni mtu wa heshima, alinipa kiti na pole, akamwita kijana mbele yangu, na kijana akasema "samahani, mzee" kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Mama akaniahidi saa mbili za bure. Nilishukuru, ni malezi. Lakini nilipofika nje nilipiga hesabu: saa mbili, kwa mwendo wangu, ni zamu thelathini au zaidi kidogo, yaani zinanifikisha mahali ambapo mtu amejua kufinyanga na bado anaombea ng'ombe wake wasichukuliwe na wavamizi. Nilikuwa nimepoteza zamu zaidi ya mia mbili. Ningefurahi zaidi kama kijana angesema kwamba alijua alichokifuta. Kinachonichoma ni kwamba hakujua, na hata baada ya kuelezwa hakuona cha kujua.

Nikairudia ile karatasi. Nyota moja niliyoupa mchezo haikuwa haki, kwa maana mchezo haukumfundisha mtu yeyote adabu mbaya, na kama ungekuwa mbaya nisingelala nikiota zamu sita. Nikaandika nne. Kisha nikakumbuka kule kusubiri, nikaandika tatu na nusu. Banda nikaliandikia sifuri, kisha nikafikiri kwamba katika mabanda yote niliyoyapita kuanzia Majengo mpaka Sabasaba, ni hilo tu lenye kompyuta yenye mchezo huu, mengine yote ni mpira na mbio za magari, na kwamba mtu hatukani kisima pekee cha kijiji chake. Nikaliandikia moja, kwa ajili ya mama. Anayeuliza kama anunue mchezo huu namwambia anunue, akiwa na kompyuta yake mwenyewe nyumbani. Asiyekuwa na kompyuta namwambia asiuguse, kisha namwambia aende akauguse, ila aende na flashi, na kila anapoinuka aondoke na faili lake mfukoni kama anavyoondoka na funguo za nyumba.

Mimi nilikaa siku kama kumi bila kukanyaga pale. Nilipita nje mara mbili, naapa ilikuwa njia yangu. Mara ya tatu niliingia, nikakaa kona ileile, na saa za bure za mama nikazitumia zote. Dido sikuweza kumchagua, ingekuwa kama kumwita mtoto mpya kwa jina la marehemu kabla ya arobaini. Nimemchukua Mansa Musa wa Mali, ambaye miji yake hupata chakula na imani kutokana na jangwa linaloizunguka, migodi yake ikatoa dhahabu nyingi na kazi kidogo, na ambaye bahari haimhusu sana. Mji wa kwanza nimeuweka katikati ya ukame mtupu, hakuna mto, upepo mtupu, na unanawiri.

Kijana alikuja kusimama nyuma ya kiti akauliza, "Leo tunahamia wapi, mzee?" Sikumjibu. Nilichomoa flashi, nikalipa ile nusu saa ya ziada, nikaenda kutafuta daladala. Nipo zamu ya 41, na Zanzibar bado sijaiona.