MacBook Pro ya inchi 14 (M1 Pro) kwa sisi tunaoshuti na kuediti Bagamoyo: uzoefu wangu

Naanza na jambo ambalo kwenye video nyingi za wakaguzi wa laptopu wa nje ya nchi halipewi uzito unaostahili. Laptopu ya kazi za picha na video ipime ikiwa imechomolewa kwenye umeme. Wenzetu wanaipima ikiwa mezani, chaja imechomekwa, kiyoyozi kinapuliza, halafu wanakupa namba za kasi, na namba ni za kweli kabisa, ila huku kwetu umeme unaondoka saa mbili usiku uko katikati ya kueksipoti video ya harusi na familia ya bibi harusi wanaitaka kesho asubuhi kabla shangazi zake waliotoka Tanga hawajapanda basi. Kwa mazingira hayo namba za mezani hazikusaidii kitu.

Mimi nashuti harusi, sendofu, maulidi, na kazi za wasanii wa pale TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), ngoma na maigizo, wakati mwingine wageni wanaotaka kupigwa picha Kaole kwenye magofu au Mji Mkongwe kwenye ile milango ya nakshi. Naishi Magomeni, ya Bagamoyo hii, sio ya Dar. Mashine ninayoizungumzia ni MacBook Pro ya inchi 14 iliyotoka Oktoba 2021, chipu ya M1 Pro yenye koa 10 (koa ni vichwa vya kazi vya prosesa), RAM GB 32, storeji TB 1. Niliinunua used Kariakoo kwa zaidi ya milioni tatu, na najua kuna mtu atasema kwa hela hiyo si unapata laptopu mpya kabisa ya gemu yenye kadi ya picha ya kibabe. Unapata, kweli. Nilikuwa nayo hiyo laptopu ya gemu kabla ya hii, kwa hiyo naongea kitu nilichokiishi.

Shida ya zile za gemu sio kasi, kasi wanayo. Ni kwamba kadi ya picha iliyojitenga inakula umeme mwingi sana na betri haiwezi kuutoa wote, kwa hiyo ukichomoa chaja tu mashine inajipunguza yenyewe, video iliyokuwa inacheza laini inaanza kukatakata, feni zinanguruma, na betri inakwisha kabla hujamaliza hata kupanga klipu. Kwenye hii M1 Pro, prosesa, sehemu ya picha na memori vyote vinakaa pamoja na vinagawana memori moja, halafu mle ndani kuna sehemu maalumu kabisa kwa ajili ya kufungua na kufunga video za H.264, HEVC (ndiyo hiyo H.265) na ProRes, yaani mifumo ya kuhifadhi video, yaani prosesa yenyewe haitoki jasho. Ndo maana ukichomoa chaja kasi inabaki ile ile. Umeme ukikatika mimi sinyanyuki kwenye kiti, naendelea kukata, naendelea kuweka rangi, na eksipoti inaenda mpaka mwisho kwenye betri. Betri ni ya Wh 70, Apple wanasema masaa 17, lakini hayo ni ya kuangalia muvi jamani, usije ukampigia mteja hesabu kwa hayo. Kwenye kuediti ukiwa unakata na kupanga tu inakufikisha mbali, ukianza kupakia rangi nzito na kueksipoti faili kubwa inashuka haraka zaidi.

Kuna jambo jingine hapa linahusu wenye kamera mpya. Kamera nyingi za siku hizi zinarekodi H.265 ya biti 10 4:2:2, yaani inayobeba taarifa nyingi zaidi za rangi, picha tamu sana kwa kuchezea rangi ila faili zake ni ngumu kufunguka, na kadi za Nvidia mpaka mfululizo wa RTX 40 hazikuwa na sehemu ya kuzifungua hizo faili moja kwa moja, uwezo huo umekuja na RTX 50 mwaka 2025. Kwa hiyo mtu anakuwa na laptopu ya bei mbaya halafu video ya kamera yake mwenyewe inakwama, anaanza kutengeneza prokisi, zile nakala nyepesi za kueditia, usiku kucha. Intel za karibuni zinazifungua, na hizi chipu za Apple kuanzia M1 zinazifungua. Ukienda kununua beba kadi yenye faili za kamera yako, zifungue palepale dukani chaja ikiwa imechomolewa. Muuzaji akikataa, maduka yapo mengi.

Matundu ya kuchomekea. Mwaka 2016 Apple waliondoa sehemu ya kadi ya SD na HDMI kwenye hizi Pro, watu wakawa wanatembea na adapta zimening'inia kama mishikaki, ila 2021 kwenye hii wamevirudisha vyote. Kuna SD ya kasi ya UHS-II, HDMI, tatu za Thunderbolt 4 (tundu za kasi zenye umbo la USB-C), na chaja ya sumaku ya MagSafe. Kwa mpiga picha wa harusi hii ni raha isiyo na mfano. Kuna kazi nilifanya Dunda, tumemaliza kushuti jioni, mama wa bibi harusi akaniambia mwanangu hebu tuone hata kidogo kabla hujaondoka, nikatoa kadi kwenye kamera nikachomeka kwenye laptopu, waya wa HDMI nyuma ya TV ya sebuleni, na wakina mama wote waliokuwa jikoni wakatoka na miko yao mkononi kuja kujiona. Hakuna kutafuta adapta, hakuna subiri kwanza mama. Nilipata kazi nyingine mbili palepale kwenye mkeka. Na watoto walikuwa wanakimbizana humo ndani, mmoja akajikwaa kwenye waya wa chaja, ile sumaku ikaachia tu, laptopu haikusogea.

Sasa kioo, hapa naomba nikae kidogo maana ndo kazi yangu ilipo. Ni inchi 14.2, mini-LED (taa ndogondogo nyingi nyuma ya kioo), rangi za P3, yaani wigo mpana wa rangi. Ukumbi wa harusi huku kwetu unaujua, taa za zambarau na buluu zinazunguka, MC anataka moshi, na bibi harusi amekaa jukwaani ngozi yake nyeusi nzuri imepigwa na mwanga wa zambarau nusu uso. Kwenye kioo cha kawaida huwezi kujua ule weusi wa shavuni una maelezo ndani yake au umezama kabisa, unasukuma rangi kwa kubahatisha, ukija kuifungua kwenye simu ya mteja unakuta uso umekuwa wa kijivu. Kwenye hii naona tofauti ya kivuli cha kilemba na nywele, naona hina kwenye vidole, naona pale mafuta ya karafuu yamemfanya ang'ae na pale ni jasho, basi narudisha ngozi kwenye rangi yake mwenyewe bila kumchubua mtu. Hili naliona ni la heshima. Wateja wetu wengi wamezoea kupewa picha zimepaushwa wakadhani ndo uzuri, na sisi tunaoediti tuna wajibu wa kuwarudishia watu sura zao.

Ila kioo kinang'aa, kinarudisha mwanga. Kwa kazi za kawaida kinatoa niti 500 (niti ni kipimo cha mwanga wa kioo), na ile 1600 unayoisikia ni ya HDR tu, zile video zenye mwanga mkali na giza pamoja, tena kwa sehemu ndogo ya picha. Ukikaa nayo ufukweni saa saba mchana karibu na soko la samaki utajiona mwenyewe na minazi nyuma yako, picha huioni. Kivulini barazani iko vizuri kabisa. MacBook Pro za chipu ya M4 za mwishoni mwa 2024 zimeongezwa mwanga wa nje na unaweza kuagiza kioo kisichorudisha mwanga, kwa mtu anayefanya kazi nje muda wote ningemwambia aifikirie hiyo kama mfuko unaruhusu. Usiku pia ukiweka maandishi meupe kwenye weusi mtupu unaona kaukungu pembeni ya herufi, ndivyo mini-LED zilivyo, kwangu sio tatizo.

Uzito kilo 1.6. Ile ya inchi 16 inaanzia kilo 2.1 na betri yake ni kubwa zaidi, nikaiacha kwa sababu mimi nabeba kamera, lenzi mbili, droni na stendi juu ya bodaboda, na nikienda Dar napanda daladala mpaka Makumbusho begi liko mapajani safari nzima. Nusu kilo kwenye foleni ya Tegeta unaisikia.

Hewa ya pwani sasa. Chumvi na unyevu haviihurumii mashine yoyote, iwe ya shilingi ngapi. Uzuri feni za hii zinazunguka mara chache, kwa kazi za kukata tu husikii kitu, kwa hiyo haivuti hewa ya bahari mchana kutwa. Mimi naifuta kwa kitambaa laini kila nikirudi kazini na begi lina vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Kubwa zaidi ni mchanga. Ukifunga hii laptopu, kioo na kibodi vinakaribiana mno, chembe moja ikibaki katikati ukafunga kwa nguvu kioo kinaweza kupasuka, na Apple wenyewe wanaonya usifunge huku umebandika kizibo cha kamera pale juu. Wale tunaopenda kubandika vile vya plastiki, tuvitoe. Kioo chake kikipasuka unaongelea hela ya kununua laptopu nyingine, na kwa hapa Bagamoyo sijapata fundi wa kumkabidhi, inabidi iende Dar.

RAM haiongezwi. Narudia kwa herufi kubwa, HAIONGEZWI, na storeji pia siyo ya kubadilisha kama zile tulizozoea kufungua skrubu ukaweka nyingine. Ulichonunua siku ya kwanza ndo hicho mpaka mwisho wake. Kwa picha GB 16 zinatosha, kwa video ya 4K yenye rangi na maandishi ningekusihi ufike 32, storeji unaweza kujibana ukatumia diski ya nje ya SSD. Na hapa watu wanapigwa chenga: MacBook Pro ya M3 ya kawaida ya inchi 14 iliyotoka Oktoba 2023 ilianzia GB 8, ina tundu mbili tu za Thunderbolt, mtu anaona M3 ni mpya kuliko M1 Pro anaruka nayo. Kwa kazi zetu za video ningechukua M1 Pro ya GB 32 kabla ya hiyo, bila kufikiria mara mbili.

Mambo ya flashi nayo yajue mapema. Diski ya mteja ikiwa ni NTFS, ile fomati ya Windows, hii mashine inasoma lakini haiandiki. Flashi za mtaani nyingi zimekuja na FAT32 ambayo haibebi faili moja linalozidi GB 4, na video ya harusi nzima inazidi. Mimi nazipiga fomati ya exFAT kabla, hiyo inabeba faili kubwa, au namkatia mteja video vipande vipande kama TV yake ni ya zamani. Programu natumia DaVinci Resolve toleo la bure, linatoa mpaka 4K ya fremu 60 na halina nembo ya kuchafua kazi, ukitaka kuondoa chenga za picha za usiku kwa kiwango kikubwa ndo unalipia Studio, dola 295 mara moja basi.

Kwa anayeenda kununua used, angalia haya ukiwa dukani na pesa bado iko kwako. Bonyeza alama ya tofaa huku umeshika Option, ingia System Information halafu Power, usome Cycle Count, hizi zimetengenezwa kwa mizunguko 1000 kwa hiyo ikiwa inakaribia huko punguza bei au achana nayo. Pili na hili ndo linaliza watu, mwambie muuzaji aifute yote mbele yako, unganisha na intaneti ya simu yako, uanze kuiwasha kama mpya. Ikiomba akaunti ya mtu mwingine, au ikisema mashine inasimamiwa na kampuni au shule fulani, rudisha. Usikubali maneno ya kuna kijana ataitoa hiyo kitu, wanaweza kuificha leo ukafuta mashine mwakani ikarudi. Chaja pia, hizi za koa 10 zilitoka na ya W 96, za koa 8 zilitoka na ya W 67, sasa madukani wanachanganya. Ndogo itachaji, ila ile ya kufika nusu ndani ya dakika 30 huipati, na umeme ukirudi kwa nusu saa halafu ukaondoka tena hiyo tofauti utaiona.

Kama wewe ni wa picha tu, hushuti video ndefu, hela iliyobaki kanunulie lenzi na uchukue MacBook Air ya M1 au M2, haina feni kabisa na ni nyepesi zaidi. Wadogo zangu wa singeli wameniuliza sana, FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, ipo kwa Mac tangu 2018 na leseni moja inafanya Mac na Windows, ila plagini (programu ndogo za sauti za kuongezea) nyingine mnazozitumia ni za Windows peke yake, kwa hiyo andika orodha ya plagini zako zote, moja moja, uziulizie kama zina toleo la Mac kabla hujauza hiyo PC.