Lightning Lane ya Walt Disney World: wapi ulipe, wapi uwahi tu kuamka

Walt Disney World, nje kidogo ya Orlando, Florida, ni bustani nne za burudani na si moja: Magic Kingdom (1971), EPCOT (1982), Hollywood Studios (1989) na Animal Kingdom (1998). Kila moja inakula siku nzima. Lightning Lane ni njia ya kulipia inayompitisha mgeni kando ya foleni ya kawaida kwenye michezo mikubwa, yaani vyombo vya kupanda kama treni za kasi. Uamuzi wetu ni huu: Magic Kingdom na Hollywood Studios lipa, EPCOT lipia mchezo mmoja basi, Animal Kingdom usilipe kitu, amka mapema.

Kabla ya kufika kwenye sababu, angalia tarehe ya ushauri wowote unaosoma. Tangu 1999 hadi bustani zilipofungwa kwa korona Machi 2020, kupita foleni kulikuwa bure kwa kila mwenye tiketi, kwa jina la FastPass. Oktoba 2021 ikaja Genie+, ya kulipia. Tarehe 24 Julai 2024 nayo ikaondolewa, ukaingia utaratibu wa sasa. Mtu akikuambia ununue asubuhi ya siku yenyewe, au uchague mchezo mmoja mmoja tangu mwanzo, anakufundisha mfumo uliokwisha kufa.

Sasa kuna aina tatu. Multi Pass inakupa nafasi tatu za kuanzia ndani ya bustani moja, halafu unaongeza moja kila unapotumia moja. Single Pass ni ya mchezo mmoja wenye msongamano mkubwa ambao haumo kwenye Multi Pass: TRON Lightcycle / Run na Seven Dwarfs Mine Train kule Magic Kingdom, Guardians of the Galaxy: Cosmic Rewind kule EPCOT, Star Wars: Rise of the Resistance kule Hollywood Studios, na Avatar Flight of Passage kule Animal Kingdom. Unaruhusiwa miwili kwa siku. Ya tatu ni Premier Pass, inayokuruhusu kuingia kila mchezo wenye Lightning Lane mara moja, saa yoyote unayotaka. Ilipoanza mwishoni mwa 2024, bei ya juu kabisa Magic Kingdom ilikuwa dola 449 kwa mtu kabla ya kodi. Kwa familia hiyo ni fedha ya tiketi ya ndege, hatuipendekezi.

Bei za Multi Pass na Single Pass hupanda na kushuka kwa tarehe na kwa bustani, na hulipwa kwa kichwa. Fanya hesabu kabla hujaahidi watoto: watu watano kwa dola 30 kila mmoja ni 150, ukiongeza kodi ya asilimia 6.5 inakuwa karibu 160, kwa siku moja, juu ya tiketi za kuingilia. Mtoto wa chini ya miaka 3 halipiwi tiketi wala Lightning Lane.

Ni vizuri kuelewa foleni hizi zinavyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo pesa huokolewa. Mchezo una viti vile vile kwa saa, lipa usilipe. Karibu na mahali pa kupandia, foleni mbili hukutana, na mfanyakazi aliyesimama pale huingiza wengi wa njia ya kulipia kwa kila wachache wa foleni ya kawaida. Ndiyo maana foleni ya kawaida yenye watu wachache machoni inaweza kukuweka zaidi ya saa nzima. Pia ndiyo maana saa ya kwanza ya asubuhi ni dhahabu: wenye Lightning Lane bado hawajaanza kumiminika, na viti karibu vyote ni vya waliotangulia. Kufikia saa 4 hivi mambo hugeuka. Basi asubuhi tumia miguu yako, na nafasi ulizolipia zianze pale foleni zinapovimba.

Kununua kunafanyika kwenye programu ya simu ya My Disney Experience. Anayelala hoteli za Disney hufunguliwa siku 7 kabla ya siku ya kuingia hotelini, na anaweza kupanga siku zote za kukaa kwake kwa mkupuo, hadi siku 14. Anayelala kwingine hufunguliwa siku 3 kabla ya kila siku ya kwenda bustanini. Dirisha linafunguka saa 1 kamili asubuhi kwa saa za Florida. Ukiwa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, hiyo ni saa 8 mchana wakati Marekani iko kwenye saa za kiangazi, kati ya Machi na mwanzo wa Novemba, na saa 9 alasiri miezi iliyobaki. Wengi hukosa hapa kwa kusahau ile saa moja inayohama.

Siku moja kabla ya dirisha kufunguka, maliza haya yote: fungua akaunti, unganisha tiketi za kila mtu kwenye kundi moja, weka kadi ya benki na uhakikishe benki yako imeruhusu malipo ya nje kwa mtandao. Kadi kukataliwa ndilo jambo linalovuruga wasafiri kutoka kwetu kuliko jingine lolote, na wakati unapiga simu benki, nafasi za Slinky Dog Dash, mchezo unaogombewa sana Hollywood Studios, zinakwisha. Dirisha likifunguka, chagua watu, chagua michezo mitatu, kisha badilisha saa moja moja kabla ya kulipa. Programu hukupendekezea saa zake, usizikubali tu. Zitafute nafasi tatu zinazofuatana kuanzia kama saa 4 asubuhi, kwa sababu nafasi ya nne huipati mpaka uwe umetumia mojawapo ya zile tatu au muda wake umepita. Mwenye nafasi ya kwanza saa 9 alasiri amelipia michezo mitatu. Mwenye nafasi ya kwanza saa 4 asubuhi anaweza kufikia sita au saba kwa bei ile ile. Kila nafasi ina dirisha la saa moja la kuingia, na mchezo mmoja huruhusiwa mara moja tu kwa siku.

Kuna kizuizi kingine. Magic Kingdom, EPCOT na Hollywood Studios michezo imegawanywa makundi mawili, na katika zile tatu za mwanzo unaruhusiwa mmoja tu wa kundi la juu na miwili ya kundi la chini. Ukishapita mchezo wa kwanza, kizuizi hicho kinaondoka. Kwa hiyo mkishagusa mashine ya kuingilia tu, mmoja wenu atoe simu palepale kwenye njia na atafute mchezo mwingine wa kundi la juu.

Hollywood Studios ndiyo bustani ambako huduma hii inalipa zaidi, kwa kuwa michezo ni michache na karibu yote inatafutwa. Kundi la juu, chukua Slinky Dog Dash bila kufikiri mara mbili. Ndiyo huisha mapema kuliko yote. Kundi la chini, chukua Tower of Terror na Toy Story Mania. Milango ikifunguka kimbilieni Rise of the Resistance, ila ujue mashine yake ni tata na husimama mara kwa mara, hata asubuhi. Ikisimama, nendeni Mickey & Minnie's Runaway Railway na msiupoteze muda kusubiri mlangoni.

Magic Kingdom ina michezo mingi kuliko bustani nyingine zote, kwa hiyo nafasi za kuongeza zinapatikana hadi usiku. Kundi la juu, wenye watoto wadogo wachague Peter Pan's Flight: ni mchezo wa mwaka ule ule wa 1971, vijimerikebu vyake hubeba watu wawili au watatu, na hauna kipimo cha urefu, basi kila familia iko pale. Wenye watoto wakubwa wachukue Tiana's Bayou Adventure. Kundi la chini, Haunted Mansion na Winnie the Pooh. Usipoteze nafasi kwa Mad Tea Party.

Lakini Magic Kingdom ina mtego wa usafiri. Gari lako, au teksi, litakuacha Transportation and Ticket Center, ng'ambo ya ziwa, na kutoka hapo ni kivuko au treni ya reli moja. Ongeza nusu saa nzima. Kama bustani inafunguliwa saa 3 asubuhi, uwe umeegesha saa 2 kasorobo. Halafu wageni wa hoteli za Disney huingia nusu saa kabla ya wengine wote, na huelekezwa upande wa Fantasyland na Tomorrowland. Kama wewe si mmoja wao, usiende kushindana nao huko; pinda kushoto uanze na Jungle Cruise.

EPCOT kundi la juu lina Frozen Ever After, Remy, Soarin' na Test Track, na unapata mmoja tu mwanzoni. Kundi la chini ni michezo ambayo jioni unaingia karibu bila kusubiri, hata Spaceship Earth. Kulipia Multi Pass hapo ni kulipia mchezo mmoja na nusu. Nunua Single Pass ya Cosmic Rewind, basi. Remy iko karibu na mlango wa nyuma, International Gateway, na anayeingilia huko asubuhi yuko mbele ya umati.

Animal Kingdom michezo ni michache na hufunga mapema. Watu hukimbilia Flight of Passage asubuhi, na kama hukuingia na wa hotelini utakuta foleni imeshajaa. Anza na Kilimanjaro Safaris, kupitia Harambe, kijiji kilichojengwa kwa sura ya mji wa pwani ya Afrika Mashariki, chenye mabango ya Kiswahili. Asubuhi wanyama wako hai na foleni ni fupi. Kisha Expedition Everest. Flight of Passage iache saa ya mwisho.

Kuna njia za bure ambazo wengi huzipita bila kuziona. Expedition Everest, Test Track na Millennium Falcon: Smugglers Run zina foleni ya mtu mmoja mmoja: mnatenganishwa na kujaza viti vilivyobaki, na mtoto wa chini ya miaka 7 haruhusiwi kupanda peke yake. Kama mtoto hajafikia kipimo (sentimita 122 kwa TRON, 112 kwa Flight of Passage, 97 kwa Slinky Dog), mwambieni mfanyakazi wa mlangoni mnataka Rider Switch. Mzazi mmoja anapanga foleni, mwenzake anabaki na mtoto, kisha huyu wa pili anapita kwa mlango wa Lightning Lane bila kulipa. Chakula nacho agizeni kwenye programu ile ile mnapoingia asubuhi, mkichagua saa 5; saa 6 mchana foleni za chakula hazina tofauti na za michezo. Maji ya baridi kwenye vikombe ni bure kaunta yoyote ya chakula cha haraka.

Kuanzia Juni hadi Septemba tegemea mvua ya radi alasiri. Radi ikikaribia, michezo ya nje kama Slinky Dog, Seven Dwarfs na Everest husimamishwa yote. Nafasi zake ziwe kabla ya saa 7 mchana. Mchezo ukiharibika ndani ya muda wako, nafasi yako hugeuka kuwa ya kuingilia mchezo mwingine siku hiyo, kwa hiyo usiifute mwenyewe. Mara nyingi aliyekuwa foleni ya kawaida hapewi fidia. Beba pawabenki yenye chaji kamili, maana nafasi, tiketi na chakula vyote viko kwenye simu moja.

Tarehe nazo zina uzito. Krismasi hadi Mwaka Mpya, wiki ya Pasaka na wiki ya Thanksgiving (sikukuu ya Wamarekani ya Novemba) hakuna mbinu inayokuokoa kabisa. Kati ya Agosti na Oktoba, tazama kalenda ya Mickey's Not-So-Scary Halloween Party: siku za sherehe hiyo Magic Kingdom hufungia wenye tiketi za kawaida saa 12 jioni, wengi huikwepa, na mchana huwa na nafasi. Siku nyingine baki hadi mwisho. Aliyeingia kwenye foleni kabla ya dakika ya kufunga atapanda, hata kama foleni ni ya nusu saa, na muda unaoandikwa mlangoni usiku mara nyingi ni mrefu kuliko muda halisi. Fataki zikiisha umati huelekea getini. Ninyi elekeeni TRON.